Tulimuuzia Fundi Grafu, Tukamnyima Hesabu

Jamani, leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu na juu yenu, waandishi wenzangu wa programu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia fundi mmoja wa samani programu ya kutunza stoo. Ilikuwa na grafu za rangi na ripoti kila Jumamosi. Karakana yake ilitengeneza meza na makabati. Kwa kuwa kabati moja lilimpa faida ya shilingi 2,000 na meza 1,200 tu, aliamua kutengeneza makabati peke yake. Kisha grafu yangu ikamwonyesha kwamba saa 48 za kazi zinakaa bure kila wiki. Akamwachisha kazi fundi mmoja kati ya wanne.

Grafu haikudanganya. Uamuzi ndio ulikuwa mbovu, nami sikujua mpaka nilipokaa chini na kalamu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kabati linakula mbao 8 na saa 8. Meza inakula mbao 3 na saa 6. Kila wiki alikuwa na mbao 120, na mafundi wanne wa saa 42 kila mmoja, yaani saa 168. Wanunuzi wa vyote viwili walikuwepo. Faida ninayotaja ni kabla ya kutoa mishahara.

- Makabati peke yake: mbao zinaisha kwenye kabati la 15. Faida 30,000.
- Meza peke yake: saa zinaisha kwenye meza ya 28. Faida 33,600.
- Meza 16 na makabati 9: mbao zimeisha zote, saa zimeisha zote. Faida 37,200.

Mbao zile zile, watu wale wale, tofauti ya shilingi 7,200 kwa wiki. Aliyefukuzwa alikuwa akilipwa 4,800. Umeona sasa?

Hesabu hii inaitwa programu mstari. Unaandika kila kizuizi kama mstari, mistari inazingira eneo la mipango inayowezekana, na mpango bora unaupata kwenye pembe mojawapo ya eneo hilo. Sisi wa 8-4-4 tuliifanya Kidato cha Nne: tukatia kivuli upande usiotakiwa, tukapita mtihani, tukaiacha pale getini.

Wala si mambo mapya. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich aliitumia kule Leningrad baada ya kuulizwa na watu wa plaiwudi jinsi ya kugawa kazi kwenye mashine zao. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akatoa njia ya simplex, inayotembea kutoka pembe hadi pembe mpaka faida isipoweza kupanda tena. Mwaka 1975 Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Koopmans.

Na zana ni za bure! LibreOffice Calc ina kitatuzi ndani yake. GLPK ni ya bure pia. Isitoshe, hesabu hii inakupa bei kivuli, yaani thamani ya kuongeza kitu kimoja tu. Kwa fundi wetu, ubao mmoja zaidi ulikuwa na thamani ya shilingi 100 juu ya bei aliyozoea kununulia, na saa moja zaidi shilingi 150. Saa alizoziona za bure ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko mbao!

Najua mtakayosema: maisha si mstari. Kweli, bei hupanda, mbao huja na nyufa, na nusu meza haiuziki. Basi badilisha namba uipige tena, na uiambie kompyuta itoe namba kamili. Ukiilisha namba za uongo, itakupa mpango wa uongo. Lakini kukisia nako kunatumia namba hizo hizo, tena bila kuzipima.

Sasa tunazunguka na kitu kipya, akili bandia, tukimuuzia mwenye karakana utabiri ilhali hatujamuuliza ana mbao ngapi. Kabla hujachora grafu nyingine, muulize mteja maswali matatu: una nini, kinakuishia wapi, na kila kitu unachotengeneza kinakula nini? Ukishindwa kumjibu afanye nini Jumatatu asubuhi, programu yako ni pambo la ukutani.

Anayebisha aje na kalamu.