Mjengo wa Staa na Spika za Bustanini: Hebu Tuambizane Ukweli

Wadau, ile klipu mmeiona. Jina kapuni, sitaki ugomvi na timu yake, ila ni yule msanii wetu aliyehamia mjengo mpya na kila Jumamosi anatuonyesha anavyokula bata bustanini. Nyasi za kijani, taa za rangi, jiko la nyama choma, na kwenye kona spika mbili ndefu kama kabati la nguo, zile za kukodi kwenye harusi. Zimeelekezwa wapi? Angalia vizuri. Zimeelekezwa ukutani kwa jirani.

Komenti karibu zote ni moto moto, "levo nyingine", "mwenye hela aheshimiwe". Katikati yake mama mmoja kaandika kwa adabu tu kwamba anakaa mtaa huohuo, ana kichanga cha wiki tatu, anaomba saa nne usiku ikifika wapunguze kidogo. Majibu aliyopewa? "Hamia makaburini, kule kuna utulivu." Na watu wakagonga laiki. Hapo ndipo mimi nilipochoka.

Sasa niseme kitu ambacho mashabiki hawatakipenda: yule staa hana hata muziki mzuri pale kwake. Ana kelele. Kuna tofauti.

Iko hivi. Ndani ya nyumba sauti inagonga ukuta, inagonga dari, inakurudia, kwa hiyo kaspika kadogo kanajaza sebule. Nje hakuna cha kuirudisha, inaondoka zake. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi. Ukiweka mtambo mmoja mkubwa kwenye kona ili aliye mwisho wa bustani asikie, aliyekaa jirani na spika hawezi hata kuongea na mwenzake, inabidi wapigiane kelele masikioni kama wako kwenye daladala bovu. Halafu besi haijui mambo ya ukuta. Sauti nyembamba zinazuiliwa kidogo na ukuta na miti, lakini ile dum dum inapita na kwenda kutikisa madirisha ya watu. Ndiyo maana jirani wa baa hasikii maneno ya wimbo, anasikia ngoma tu mpaka asubuhi.

Kinachotakiwa ni kinyume chake. Badala ya mbili kubwa kwenye kona, weka ndogo mbili au nne karibu na viti, sauti chini, uso wa spika uangalie nyumba yako mwenyewe. Zile za kufunga ukutani chini ya ukingo wa paa la kibaraza zinafaa sana, kwanza hata mvua haizipigi moja kwa moja. Kila aliyekaa anasikia, mnapiga stori kawaida, na hakuna aliyeamshwa. Tena ukuta wa nyuma ya spika unaiongezea besi bure bila kununua sabufa.

Kuhusu kununua, kuna kitu kinaniudhi kuliko vyote: stika. Unaenda Kariakoo unakuta spika ya kubeba mkononi imeandikwa wati elfu kadhaa PMPO. Ndugu yangu, PMPO ni namba ya kukuvutia mfukoni. Hiyo ni nguvu ya kukadiria kwa kufumba na kufumbua, si ya kupiga wimbo mzima. Uliza RMS, ndiyo nguvu ambayo spika inaibeba mfululizo. Muuzaji akianza kujiumauma au akisema "hii ni orijino bosi, usiwe na wasiwasi", wewe toka, duka ziko nyingi. Kwa kibaraza cha nyumba ya kawaida huku Tabata au Goba, wati 30 mpaka 50 RMS kwa spika zinatosha na kubaki.

Halafu angalia herufi IP kwenye boksi. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa na mpira wa bustani hayaidhuru. Ukiona IPX4, hiyo X inamaanisha mambo ya vumbi hayajapimwa, na 4 ni kuvumilia maji ya kurukia tu. Kwa mtaa wa barabara ya vumbi, hapo fikiria mara mbili. Na nyie wa Kigamboni na Mbezi Beach, upepo wa bahari una chumvi, unakula skrubu na wavu wa chuma mbele ya spika mpaka unabaki kutu. Tafuta zenye wavu wa alumini na skrubu zisizoshika kutu, hata kama bei imesogea.

Kama unatumia waya, kwangua ncha yake kabla ya kulipa. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu, sauti inapungua njiani ukiivuta mbali. Bluetooth haina usumbufu huo, ila nyingi zinaanza kukatakata ukipita mita 10, na ukuta ukiwa katikati ni mapema zaidi.

Najua mtakuja na ile yenu ya "kwake, hela yake, wewe inakuuma nini". Sawa, bustani ni yake. Hewa ya juu ya ukuta si yake. Na si mimi ninayesema, kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, na kwa eneo la makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35, yaani kama chumba ambacho watu wamelala. NEMC wamefungia baa kwa mambo haya haya. Staa anaposti ushahidi wake mwenyewe halafu timu yake inamtukana mama wa watu!

Wakati huohuo kuna dada mmoja wa Bongo Movie, naye jina kapuni, bustani yake ina spika ndogo nne zimefichwa kwenye maua, huzioni mpaka uonyeshwe. Klipu yake haikupata hata robo ya laiki. Watu wameongea, wamecheka, unasikia mpaka vijiko.

Ukishafunga zako, washa wimbo unaoupenda, toka nje ya geti, kasimame mlangoni kwa jirani. Ukiweza kuutambua ule wimbo, rudi upunguze. Ukisikia dum dum, zima besi kwanza ndipo ugeuze spika. Na ukiwa pale pale, bisha hodi umsalimie, umpe namba yako ya simu, siku ikizidi akupigie wewe kabla hajapiga kwingine.