Acheni kuaibisha wasichana wa nguzo, wafundisheni kushuka

Wasee, wacha niseme mapema ndio mkasirike mapema: densi ya nguzo ni mazoezi, tena magumu kuliko yale mnafanya jimu mkijipiga picha kwa kioo. Unabisha? Tafuta bomba la chuma lililosimama imara, lishike kwa mikono miwili, inua miguu yote na ukae hivyo sekunde kumi bila kuteleza. Nenda, nitakungoja.

Kila nikiweka video ya msichana akijaribu hii kitu, komenti ni zile zile. "Hiyo ni ya klabu." "Mama yake anajua?" Weka vijana wa kiume wakipandana mabegani mpaka ghorofa ya tatu, na watu wale wale wanarusha makofi. Mwili ni ule ule na hatari ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anapanda.

Na si eti Kenya hatujui sarakasi. Nairobi kuna Sarakasi Dome pale Ngara, jumba ambalo zamani lilikuwa sinema ya Shan, na vijana wa mitaa wametoka hapo wakaenda kufanya kazi ng'ambo. Hoteli za Pwani, watalii huwatazama wanasarakasi wetu wakila chakula cha jioni. Katika sarakasi kuna ule mlingoti wa Kichina, ambao wanaume huupanda kisha wanashuka kichwa chini na kusimama karibu kabisa na sakafu. India kuna mallakhamb, nguzo ya mbao ambayo wanamieleka wa Maharashtra waliitumia kujenga nguvu, na mwaka wa 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliufanya kuwa mchezo rasmi wa jimbo. Mwaka wa 2017 shirikisho la kimataifa la mchezo wa nguzo lilipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, ambao wakati huo ulikuwa muungano mkubwa wa mashirikisho ya michezo. Enyewe, klabu pia zimechangia. Mitindo mingi ilibuniwa na wanawake waliofanya kazi huko, na sioni sababu ya kuwaficha ndio sisi tuonekane watakatifu.

Halafu hiyo stori ya nguo fupi. Omera, ngozi ndio inashika chuma. Ukivaa suruali ndefu utateleza kama samaki kwa mkono. Ndio maana pia hupaki Arimis ama mafuta yoyote siku ya mazoezi, na unavua pete na bangili. Kaptula hapo ni kifaa cha kazi, kama vile viatu vya njumu ni vya mpira.

Sasa sikizeni kitu kinaniuma. Kosele hatuna studio, hatuna mwalimu. Kuna simu na kuna bando. Msichana anaona video ya "piga msamba kwa siku saba", anataka kujaribu, na anajua akionekana ataitwa majina sokoni. Kwa hivyo anajaribu usiku, nyuma ya nyumba, tochi ya simu ikiwa imeegemezwa kwa ndoo, peke yake. Namjua mmoja, ako kidato cha tatu. Alianguka kwa tawi la mwembe alilokuwa akining'inia, akaambia nyumbani ati ameteleza akienda kuteka maji. Bega lilikaa karibu wiki mbili bila kuonwa na daktari, juu kusema ukweli kuhusu mwembe ilikuwa aibu kubwa kuliko maumivu.

Hiyo ndio hoja yangu yote. Matusi yenu hayajamzuia mtu kupanda. Yamezuia tu mtu kusimama hapo chini amshike.

Kwa hivyo kama utafanya, na najua utafanya, fanya hivi.

Nguvu kwanza, madoido baadaye. Misuli huanza kupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano, zile kamba zinazoshika misuli kwa mfupa, zinachukua miezi. Hapo katikati ndio watu huumia: unajiskia uko na nguvu, lakini kamba bado. Anza na kuning'inia. Kabla ya kujivuta, shusha mabega mbali na masikio, yakae hapo, hesabu mpaka ishirini. Ukiweza hiyo mara tatu bila mabega kupanda, anza kushuka polepole: panda juu ya kiti, kidevu juu ya chuma, kisha teremka kwa sekunde tano. Kushuka kunajenga nguvu hata kama bado huwezi kupanda. Ongeza pushapu, planki, na kuchuchumaa na mtungi. Mtungi wa lita ishirini ukijaa maji ni kilo ishirini, na huo uko kila boma. Shika karibu na mwili, mgongo ukae sawa.

Msamba haupigwi baridi. Ruka kamba ama kimbia dakika kumi mpaka utoe jasho, ndio uanze kunyoosha. Kaa sekunde thelathini, pumua, toka, rudia. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Kuvutwa katikati ya msuli ni sawa. Uchungu mkali pale chini ya tako, kwenye mfupa unaokalia, ama ndani ya nyonga, ni wa kuacha hapo hapo. Na nyinyi mko chini ya miaka kumi na nane, shikeni hii: mifupa yenu bado inakua, na msuli wa nyuma ya paja ukivutwa ghafla unaweza kung'oa kipande cha mfupa pale ulipojishikiza. Kwa hivyo hakuna rafiki wa kukukalia mgongoni ati akusaidie kufika chini. Huyo hakusaidii.

Fanya pande zote mbili. Kila mtu ako na mkono anaoupenda, na ukiufanyia huo pekee mwili unapinda upande.

Kichwa chini ni mwisho kabisa. Kama huwezi kuingia bila kurusha miguu, na huwezi kutoka polepole, bado hujafika. Godoro liwe chini, na mtu awe kando yako. Godoro peke yake halilindi shingo.

Angalia chuma chenyewe. Goli la shule ambalo halijachimbiwa linaweza kupinduka likulalie. Mbao ya paa haikujengewa kukubeba ukizunguka. Saa saba mchana chuma kinachoma, na baada ya mvua kinateleza. Fundi wa kuchomelea akikuwekea bomba, aulizwe kama litabeba mtu anayezunguka, si kamba ya nguo.

Na kula. Huwezi jenga mwili kwa chai ya rangi na mandazi. Omena, maharagwe, mayai, na viazi vitamu vya Kabondo vimejaa hapa kwetu. Kisha lala.

Wazazi na walimu, mimi niliacha chuo na najua wengine wenu mnaniona mtoto aliyepotea, sawa. Lakini mtoto wenu akiwaambia bega linauma, swali la kwanza liwe "linauma wapi?" Hayo mengine yanaweza kungoja kesho. Na mwalimu wa michezo, kama unaweza kusimamia vijana wakiruka kiunzi, unaweza kusimamia msichana akining'inia. Hauhitaji kupenda muziki wake.

Na wewe wa komenti, andika tu. Lakini kabla hujabonyeza, kumbuka kuna mtoto wa kidato cha tatu anasoma, na usiku atatafuta mwembe ulio mbali zaidi na nyumba.

Wenye mko karibu na Kosele ama Oyugis na mnataka kufanya mazoezi ya kuning'inia mchana, mahali pa wazi, na watu wazima wakiwa hapo, niandikieni. Mje na mzazi ama dada mkubwa. Kama mko na godoro kuukuu, hata panya wamelila kona moja, leteni.