Ngoma Iliyonipendeza Kuliko Zote

Nimeziona bendi za Dar es Salaam zikipiga hapa Kibiti, kwa vipaza sauti vya kutikisa mabati. Lakini ngoma iliyonipendeza kuliko zote niliiona katika delta ya Rufiji. Maji yalikupwa, mtumbwi wetu ukakwama kwenye mikoko, ikatubidi tulale kijijini. Usiku bibi mmoja mzee aliimba, wenzake wakamwitikia. Hakubaki mtazamaji, hata mimi nilicheza. Mwaka jana bibi yule alifariki, na nyimbo zake hakuna aliyeziandika. Bi Kidude wa Unguja alifariki mwaka 2013, lakini sauti yake ilinaswa, nasi twaisikia hata leo. Basi, wanafunzi wenzangu, likizo hii tusizicheke ngoma za wazee. Tuchukue daftari, tuwaombe watuimbie, tuziandike.