Dadu za Mezani na Dadu za Mfukoni



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, Dominika iliyopita, mara baada ya Misa ya pili, mama mmoja kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo alitusubiri mlangoni mwa sakristia. Alitusalimu kwa heshima zote, kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo watumishi wa altare waliisikia: "Baba Padre, tumesikia mlisafiri kwenda kucheza dadu. Ni kweli?" Tulimjibu kwamba ni kweli. Akatikisa kichwa. "Basi sisi wazazi tutawaambia nini watoto?"

Swali la mama huyu ni la haki, nalo limerudiwa na wengine kwa simu na kwa minong'ono. Kwa hiyo tafakari ya juma hili tunaitoa iwe jibu. Hatukusudii kujitetea tu, bali pia kushtaki. Na anayeshtakiwa tutamtaja mahali pake.

Kwanza tueleze kilichotokea. Tulikuwa wanne katika gari moja: mzee wetu dereva wa malori, mzaliwa wa Bukavu, mwalimu mstaafu, Mmarekani, ambaye husali nasi Misa ya Kiswahili ingawa lugha bado inampiga chenga, kijana mmoja afanyaye kazi ya usiku ghalani, na sisi tunaowaandikia. Tuliondoka Ijumaa baada ya Misa ya asubuhi, tukaenda mwendo wa saa tano hadi mji mmoja wa jimbo la Pennsylvania. Huko, katika ukumbi wa hoteli ya kawaida kabisa, watu wapatao arobaini, wengi wao wenye mvi, walikuwa wamekusanyika kwa mashindano ya besiboli ya mezani.

Mchezo wenyewe unaitwa Strat-O-Matic. Ulibuniwa na Hal Richman wa New York, aliyeanza kuutunga akiwa mvulana wa miaka 11, akauingiza sokoni mwaka 1961. Kila mchezaji halisi wa besiboli ana kadi yake, na takwimu za kadi hiyo zimekokotolewa kutokana na alivyocheza kweli katika msimu fulani. Mpigaji ana safu tatu, 1 hadi 3. Mrushaji ana safu tatu, 4 hadi 6. Unarusha dadu tatu kwa pamoja. Dadu moja, yenye rangi ya peke yake, huamua safu. Mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla hiyo huonyesha mstari wa kusoma. Kwa hiyo, kwa wastani, nusu ya yale yatakayokupata imeandikwa katika kadi yako, na nusu nyingine katika kadi ya yule uliyeketi naye uso kwa uso.

Jambo moja tunaomba mlishike, kwa kuwa tutalirudia: kila kitu kiko wazi. Kadi yako naiona, yangu unaiona. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, jumla ya 12 kwa njia 1 tu, na hilo hata mtoto anaweza kulihesabu kwa vidole. Hakuna aliyekaa nyuma ya pazia akichukua chake kabla dadu hazijatua. Ada ya kuingia ililipia ukumbi na kahawa. Mshindi alipata kikombe kidogo, ambacho huko dukani kisingemnunulia mtu hata chakula cha mchana.

Sasa tuyajibu malalamiko, maana tumeyasikia matatu.

La kwanza ni kwamba dadu ni kamari. La hasha! Dadu ni vipande vya plastiki. Askari walipigia kura vazi la Bwana chini ya Msalaba. Nao Mitume, katika sura ya kwanza ya Matendo, walipiga kura na Matiya akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Tendo la mkono lilikuwa moja. Lililotofautiana ni lile lililokuwa likitafutwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba michezo ya bahati ni dhambi kwa yenyewe. Inasema kwamba haikubaliki kimaadili pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza huweza kugeuka utumwa. Palipo na utumwa, hapo ndipo pa kupigia kelele.

La pili ni kwamba watu wazima hawachezi, achilia mbali padre. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitazama jambo hili katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Hakuishia kusema kwamba roho inahitaji mapumziko kama mwili unavyoyahitaji. Alikwenda mbele akauliza kama kukosa kabisa mchezo ni kosa, akajibu kwamba yule asiyeleta furaha kwa wenzake, na anayewazuia wengine wasifurahi, anakwenda kinyume cha akili. Wazee wetu walilijua hilo bila kusoma Kilatini. Nani kati yetu hakumwona babu yake akiwa ameinama juu ya bao chini ya mwembe, kete mkononi, wazee wenzake wakimzunguka, kijiji kizima kikisubiri atakapozimwagia? Je, tulimwita mtoto? Tulimwita bingwa.

Tena mchezo huu una kumbukumbu. Ijumaa usiku, kabla ya mashindano kuanza, mwalimu alitoa katika mkoba wake kadi za ligi za Weusi, zilizochapishwa na Strat-O-Matic mwaka 2009, akamwekea mzee wa Bukavu kadi ya Josh Gibson. Akatueleza kwamba Gibson, mdakaji na mpigaji hodari kupindukia, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, na hakuwahi kuruhusiwa kucheza Ligi Kuu hata mechi moja kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Tarehe 15 Aprili ya mwaka huohuo, Jackie Robinson aliuvunja ukuta huo. Ilipofika Mei 2024, Ligi Kuu iliziingiza takwimu za ligi za Weusi katika kumbukumbu zake rasmi, na jina la Gibson likapanda hadi kileleni mwa orodha ya wastani wa upigaji wa maisha, akiwa na .372. Mzee alisikiliza kimya, akarusha dadu, Gibson akapiga mpira ukavuka uzio. "Huyu," mzee akasema, "wamemchelewesha sana." Tunawauliza wanaosema kwamba tulipoteza muda: ni saa ngapi za televisheni zingetufundisha hayo?

La tatu ni kwamba fedha za mafuta ya gari zingesaidia maskini. Hili tunalipokea kwa unyenyekevu, maana ni kweli kwa kila fedha tunayotumia, ikiwa ni pamoja na ile ya keki za ubatizo na sare za harusi. Lakini tunashangaa kwamba hesabu hii hufanywa kwa ukali juu ya watu wanne walioketi pamoja, ilhali haifanywi juu ya fedha zinazomwagika usiku na mchana kupitia simu zilizo mifukoni mwetu.

Na hapa ndipo tunapomtaja mshtakiwa.

Tarehe 14 Mei 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa imezuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo. Tangu hapo zaidi ya majimbo thelathini yameihalalisha. Novemba ya mwaka huohuo Ligi Kuu ya Besiboli ilimtangaza mshirika wake rasmi wa kwanza wa kamari. Ligi hiyohiyo ndiyo iliyowafungia maisha wachezaji wanane wa Chicago White Sox kwa kashfa ya fainali za mwaka 1919, ikamfungia Pete Rose mwaka 1989, na kuendelea kuwaonya wachezaji wake wasiguse dau. Matunda yake nayo tumeyaona: Novemba 2025 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki warushaji wawili wa Cleveland, wakidai kwamba walipanga mirusho yao kwa faida ya wacheza kamari. Wote wawili wamekana, na mahakama ndiyo yenye neno la mwisho. Lakini mtazamaji ameshapandikizwa shaka moyoni kila mpira unaporushwa.

Wapendwa, hesabu ya kamari hii si siri, ila huandikwa pasipopendeza kusomwa. Kwa bei ya kawaida hapa Marekani, mtu huweka dola 110 ili ashinde dola 100. Ili asipate hasara wala faida, inambidi ashinde zaidi ya mara 52 katika kila 100, kwa jambo ambalo kwa haki ni nusu kwa nusu. Ule ambao vijana wetu huuita mkeka ni mbaya zaidi. Ukiunganisha mechi nne za namna hiyo, nafasi yako ni 1 kati ya 16; malipo ya haki yangekuwa dola 16 kwa kila dola, lakini utalipwa 13 na senti. Katika dau moja mwenye nyumba hubakiza takriban senti 4 na nusu kwa kila dola. Katika mkeka wa mechi nne hubakiza senti 17. Kadiri ndoto inavyorefuka, ndivyo mkono wake unavyozama mfukoni mwako. Wanaotusoma kutoka Dar es Salaam na Nairobi wanajua kwamba hatuzungumzii ugonjwa wa Marekani peke yake.

Yule kijana wa ghalani ametupa ruhusa tuandike haya bila kumtaja jina. Kwa njia ya simu alipoteza kodi ya nyumba ya miezi miwili, kisha ada ya shule ya mdogo wake aliyoahidi kuituma nyumbani. Alitueleza baada ya miezi mitatu ya kuficha. Safari ile, mama mpendwa, ilikuwa kwa ajili yake.

Jumamosi adhuhuri, tukiwa tunakula, simu yake ililia: kampuni ilikuwa inampa dau la bure. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mzee: "Baba, nishikie hii mpaka tufike nyumbani." Mzee akaitia katika mfuko wa koti, mahali anapoweka rozari yake.

Alasiri alicheza mechi ya kuamua nani aingie hatua ya Dominika. Awamu ya tisa, anaongoza 4 kwa 3, mpinzani ana wakimbiaji katika kituo cha pili na cha tatu, wawili wameshatolewa, na mpigaji anayekuja ni hatari. Angeweza kumpa kituo cha bure. Akazisoma kadi zote mbili, yake na ya mwenzake, akihesabu kwa midomo, kisha akasema: "Namrushia." Dadu ya safu ikatua kwenye 5, yaani kadi ya mrushaji wake. Jumla ikawa 8. Mpigaji ametolewa. Mpinzani wake, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alicheka, akampa mkono, halafu akavuta kiti na kumwonyesha kosa alilofanya katika awamu ya sita.

Lakini Dominika sisi tuna Misa, na gari lilikuwa moja. Tulipoanza kunong'ona jinsi ya kumwacha abaki, yeye mwenyewe alikwenda kwa mwandaaji, akamwachia yule mzee nafasi yake. "Padre ana Misa," akatuambia. "Twendeni."

Hatutawadanganya kwamba amepona. Jumanne iliyofuata aliteleza tena, dola 40. Tofauti ni kwamba safari hii alitupigia simu usiku uleule.

Sasa tuulizane. Ni nani aliyemsubiri mlangoni mwa sakristia baba anayelinganisha mikeka na wenzake katika maegesho ya kanisa, Misa ikiwa haijaisha? Ni nani aliyemnong'onezea mlezi wa vijana kwamba wavulana wake wanabeti wakati wa semina? Dadu za mezani zilitushtua kwa sababu zinaonekana na zina mlio. Dadu za mfukoni hazina mlio, basi tumezizoea. Nasi mapadre tuna boriti yetu: mwaka jana, katika harambee, tuliuza tiketi za bahati nasibu ya televisheni kwa maneno matamu, bila kumuuliza mnunuzi hata mmoja kama anayo ya kununulia mkate. Hatutarudia.

Kuanzia Alhamisi ijayo, saa moja jioni, meza mbili zitawekwa katika ukumbi wa parokia. Mwalimu ataleta kadi na dadu. Mzee ataleta bao lake, naye anasema anamtafuta wa kumfunga. Hakutakuwa na fedha mezani, hata senti, na mlangoni kutakuwa na kikapu cha kuwekea simu. Wazazi, leteni watoto wenu waone watu wazima wakishindwa bila kupoteza kodi ya nyumba, na wakishinda bila kumfilisi mtu.

Mama yetu uliyetuuliza, hilo ndilo la kuwaambia watoto. Nawe karibu, kiti chako kitakuwa karibu na chai.

Tukutane juma lijalo.

Padre wenu katika Kristo.