Sumaku ya sufu kwa karatasi zisizopaswa kupotea

Juma hili tunarudi kwenye kazi za mikono, na kazi yenyewe ni ndogo: sumaku iliyovikwa kitambaa, ya kushikilia karatasi kwenye chuma. Najua kuna mama ambaye tayari anauliza, sumaku ya frigo ya nini, na mimi sina frigo? Hata kwangu hakuna. Lakini karibu kila nyumba ina mlango wa chuma, dirisha la chuma, kabati au ukuta wa mabati. Jaribu kwanza, kwa sababu mabati ya aluminiamu hayashiki sumaku, sawa na sufuria zetu. Anayekaa katika nyumba ya mbao achukue kopo la chuma la maziwa ya unga, alifungue liwe bapa, akunje kingo zake kwa nyundo zisikate mtu, kisha alipigilie ukutani.

Kitambaa kinachofaa ni kile kizito ambacho madukani huitwa fetrini. Hakifumuki ukikikata, kwa hiyo hakihitaji pindo. Kukinunua si lazima. Hapa Bukavu, kwa baridi yetu ya jioni, soko la Kadutu halikosi triko za mitumba, na triko ya sufu iliyotoboka hupatikana kwa bei ndogo kuliko nzima. Soma etiketi ya ndani: tafuta neno laine, au wool. Kama etiketi imekatwa, vuta uzi mmoja uuchome kwenye mshumaa. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Huo hautufai hata kidogo.

Unywele wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukiuweka katika maji ya moto yenye sabuni na kuusugua, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Ndiyo maana triko ya baba ikifuliwa vibaya hutoka ikiwa ya mtoto. Safari hii ndicho tunachotaka. Weka triko ndani ya beseni, maji yawe ya moto kadiri mikono inavyoweza kuvumilia, tia sabuni ya kufulia, usugue na kukanda kwa nguvu kama dakika 20. Itumbukize katika maji baridi, urudie tena maji ya moto, mpaka usione tena vitanzi vya ufumaji. Kata kona kidogo: ikiwa uzi hautoki, kimeiva. Kianike kikiwa kimelazwa. Makala ni ghali, basi fanya hivyo siku ya kupika maharagwe, utumie moto unaobaki.

Sasa kata maumbo. Duara la mdomo wa kikombe kidogo linatosha, kama sentimita 6, au jani, au samaki. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano walichagua samaki wote, na kila mmoja alidai wake ni sambaza, hata aliyekuwa mnene kama ng'ombe. Upande wa mbele uwe wa sufu. Upande wa nyuma usitie sufu: tumia kipande chembamba cha kitenge. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana ikitengwa na chuma, na milimita 3 za sufu zinatosha kuifanya iteleze. Shona ukizunguka ukingo, kila mara ukipitisha sindano ndani ya kitanzi cha uzi kabla ya kukaza. Acha nafasi, ingiza sumaku, ijaribu kwenye mlango ikiwa na karatasi mbili, ndipo ufunge. Gundi peke yake siiamini. Mtoto huivuta, sumaku ikabaki mlangoni na samaki mkononi.

Sumaku yenyewe tutaipata wapi? Muulize fundi wa frigo akupe ule mpira wa mlango uliochakaa. Ndani yake mna utepe mweusi laini wenye sumaku, unaokatwa kwa makasi. Hauna nguvu nyingi, kwa hiyo chukua sentimita 4 au 5, ujaribu pande zote mbili, kwani upande mmoja hushika kuliko mwingine. Fundi wa radio naye ana pete nyeusi za spika zilizokufa. Hizo zina nguvu, lakini huvunjika kama kigae: zifunge ndani ya kitambaa kizito kabla ya kugonga, watoto wakae mbali. Kila kipande kitabaki sumaku kamili.

Kuna aina moja ambayo nakataa iingie katika kazi hii, hata kama mnaniona mkali: vile vidonge vidogo vinavyong'aa vinavyotolewa ndani ya ekuta za simu na diski za kompyuta. Vina nguvu kuliko ukubwa wake, na mtoto huvimeza kama peremende. Kimoja kinaweza kupita. Viwili vikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana ndani ya tumbo, kila kimoja katika sehemu yake ya utumbo, vikabana nyama katikati mpaka ikatoboka. Mtoto hutapika na kulia tumbo, na mtu hufikiri ni minyoo. Mkishuku jambo hilo, msingoje choo, msimpe dawa ya kuharisha. Nendeni hospitali saa ileile, mseme wazi kwamba ni sumaku, ili apigwe picha. Hata sumaku zetu nyeusi, mshono ukifumuka, ishusheni siku hiyohiyo.

Na karatasi gani tutabandika? Picha za watoto, sawa. Lakini mimi naanza na tarehe za chanjo. Mtoto anachanjwa akizaliwa, kisha kwenye juma la 6, la 10 na la 14, halafu kwenye miezi 9 kwa ajili ya surua na homa ya manjano. Hiyo ya miezi 9 husahaulika kirahisi, maana mtoto ameshanenepa na mama amerudi sokoni. Ya pili ni siku ya mwisho ya kumwandikisha mtoto etasivili. Sheria ya familia, tangu ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, njia inakuwa ya tribunali, na gharama yake mnaijua. Cheti cha materniti kikilala chini ya sanduku kati ya vitenge, siku 90 huisha bila mtu kuhesabu.

Cheti chenyewe msikibandike. Moshi na vidole vitakila. Kiwekeni ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pakavu, na mlangoni mbandike karatasi ndogo yenye jina la mtoto na tarehe, kwa kalamu nene, mbali na mbabula, kwenye kimo cha macho ya baba pia.