Kufuli za Vituo vya Stima Zituambie Nani Aliingia

Sisi wakaazi wa Timbwani, stima ikipotea hatukosi mwangaza peke yake. Sehemu ya maji ya Likoni hutoka visima vya Tiwi, kule Kwale, na pampu zake hutegemea stima. Pampu ikinyamaza, bei ya mtungi hupangwa na mwenye mkokoteni. Kwa hivyo ulinzi wa mitambo iliyo mbali na macho yetu ni jambo letu pia.

Tumeshaona inavyokuwa. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma. Zaidi ya megawati 180 zilipotea, na nchi nzima ikaingia giza. KenGen ilisema vituo vyake vina ua wa umeme. Tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka baada ya kuhujumiwa, na giza likarudi. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu.

Marufuku ilimlenga mnunuzi. Mlango je? Kufuli ya kawaida haina kumbukumbu. Ufunguo huchongwa nakala kwa dakika chache, na aliyeacha kazi au mkandarasi aliyemaliza zabuni anaweza kubaki nao. Shaba na mafuta ya transfoma yakiibwa, kila fundi hushukiwa. Na anayeingia bila ujuzi huhatarisha roho yake, kwani umeme wa nguvu nyingi huweza kumruka mtu kabla hajagusa chochote.

Kufuli za elektroniki zina jibu kwa sehemu kubwa ya haya. Fundi hupewa ufunguo ulioruhusiwa kufungua kituo fulani, kwa saa fulani tu. Ukipotea, ruhusa hufutwa bila kubadilisha kufuli zote. Kila mlango ukifunguliwa, jina na saa huandikwa. Ziko aina ambazo betri imo ndani ya ufunguo wenyewe, kwa hivyo kituo kisicho na waya wala mtandao hufunguka hata stima ikiwa imekatika.

Kumbukumbu hiyo haimtafuti mwizi peke yake. Humtetea fundi mwaminifu aliyeingia saa nne asubuhi, akatoka saa tano, na wizi ukatokea usiku.

Lakini tusidanganyike. Chumvi ya bahari yetu hula chuma na nyaya ndogo, kwa hivyo kufuli isiyokaguliwa itakwama. Mlango nao lazima ufunguke kutoka ndani bila kadi yoyote. Fundi anayekimbia moto hana wakati wa kutafuta kadi. Tena kumbukumbu isiyosomwa na mtu ni sawa na kutokuwa nayo.

Rai yangu ni mbili. Kampuni za umeme na maji zije kwenye baraza zetu zituambie ni vituo vingapi bado vinafungwa kwa kufuli za kawaida, na nani huweka hesabu ya funguo. Nasi tutimize wajibu wetu. Nguzo na minara haina mlango wa kufungwa. Ukiona pikapu imeegeshwa chini ya transfoma usiku wa manane, usipite kimya ukisema hayakuhusu. Kesho utakuwa kwenye foleni ya mitungi pamoja nami.