Samaki Mbichi na Kiwiko cha Mtoto

Hapana methali ipendwayo na walimu na wazazi wetu kuliko ile isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, tumeisikia katika hotuba za siku za wazazi, na wengi wetu tumekunjwa kwayo. Katika makala haya nakusudia kuihoji, si kwa kuwa ni ya uongo, bali kwa kuwa imenyamazia jambo moja. Hata samaki mbichi huchanika, hasa anapokunjwa na mikono mitatu na kila mkono ukadhani ndio pekee uliomshika. Mfano wangu nitauchota mbali, katika mchezo wa besiboli na mafunzo ya binafsi wanayopewa watoto wanaoucheza nchini Marekani. Msomaji asishangae. Sababu iliyonisukuma huko ni ya damu, nami nitaieleza.

Kwanza niombe radhi kuhusu istilahi. Mchezo huu haujapata msamiati uliokubalika na wote katika Kiswahili, na sina mamlaka ya kuukubalisha. Nitamwita mrushaji yule anayerusha mpira kutoka kilimani katikati ya uwanja, na mpigaji yule anayemngojea na gongo. Kiwiko nacho kina matatizo yake, kwani wapo wanaokiita kisugudi, na zipo kamusi zinazotumia neno kiwiko kwa kifundo kilicho karibu na kiganja. Hapa kiwiko ni pale mkono unapokunjika katikati. Tukilikosea hili, makala yote yatakuwa yamekwenda kombo.

Kati ya mrushaji na mpigaji wa kiwango cha watu wazima pana mita 18.44. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa huvuka masafa hayo kwa muda wa takriban nusu ya nukta, au pungufu kidogo. Katika muda huo mpigaji anapaswa kuuona mpira, kukisia utakapopita, kuamua, na kulizungusha gongo. Ndiyo maana mpigaji anayefaulu mara 3 katika 10 huhesabiwa kuwa hodari, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili mwenye alama hizo huitwa ofisini. Ugumu huu ndio uliozaa biashara kubwa ya walimu wa binafsi. Mzazi hulipa kwa saa, mtoto akapelekwa katika bohari lililotandazwa nyavu, akapigwa picha za video, mwendo wa nyonga na bega ukachunguzwa hatua kwa hatua, na kila mpira anaourusha ukapimwa kasi kwa mtambo wa rada.

Wapo wanaoidharau kazi hii na kudai kuwa ni anasa ya matajiri. Mimi simo miongoni mwao, na ushahidi wangu ni wa Sadaharu Oh. Alijiunga na timu ya Yomiuri Giants ya Tokyo mwaka 1959 akiwa kijana aliyesifika kama mrushaji, wakamgeuza kuwa mpigaji, na msimu wake wa kwanza ukawa wa aibu. Hata mwaka 1961, msimu wake wa tatu, alipiga mipira 13 tu ya kuvuka uwanja. Mwaka 1962 timu ikamleta Hiroshi Arakawa awe mwalimu wa upigaji. Si kwamba walikuwa wageni kwa kila mmoja. Miaka kadhaa nyuma, Arakawa alipokuwa bado mchezaji, alipita mahali akamwona mvulana huyo akicheza, akamshauri apige kwa upande wa kushoto. Jicho la mwalimu lilikuwa limekwisha kumsoma mwanafunzi kabla ya mkataba wowote.

Arakawa hakumpa Oh kanuni za kitabuni. Alimtazama mtu mmoja akaona kasoro moja, kwamba Oh alikuwa akichelewa na mwili wake ukitangulia mahali ambapo gongo lilipaswa kufika kwanza. Dawa aliyomtafutia ilikuwa ya ajabu: ainue mguu wa kulia na kusimama kwa mguu mmoja, kama korongo, mpaka mrushaji atakapoachilia mpira. Kusimama hivyo kulidai utulivu wa mwili, na utulivu huo waliutafuta katika mafunzo ya aikido na katika kuukata kwa upanga ukanda wa karatasi ulioning'inizwa darini. Tarehe 1 Julai 1962 Oh aliusimamia mguu mmoja katika mechi, na msimu huo akamaliza na mipira 38 ya kuvuka uwanja. Alipostaafu mwaka 1980 alikuwa amefikisha 868.

Nimelitua jicho langu hapa kwa kuwa sisi wanafunzi wa fasihi tunaujua uhusiano wa namna hii. Kungwi na mwari wake, malenga na mwanagenzi anayemfuata huku akisahihishwa vina, fundi na kijana wake anayemshikia patasi: wote hawa ni mtu mmoja kumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu. Tasnifu ninayoiandika sasa isingekuwa na sura ya pili lau si msimamizi aliyeikata mara nne kwa kalamu nyekundu. Katika ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia mbili hakuna angalijua kwamba kosa langu ni kuhukumu riwaya kabla sijaisoma hadi mwisho. Kwa hivyo anayetaka kuyapiga vita mafunzo ya binafsi asinitegemee katika kikosi chake.

Tofauti yangu na wafanyabiashara wa mafunzo haya inaanzia kwenye kiwiko. Kujifunza kupiga na kujifunza kurusha ni mambo mawili, ijapokuwa huuzwa katika duka moja. Mtoto akipiga mipira mia iliyowekwa juu ya kigingi atachoka, ataota sugu viganjani, atalala usingizi mzito. Akirusha mipira mia kwa nguvu zake zote, kila mrusho unavuta ukano mdogo ulio upande wa ndani wa kiwiko, ule unaoufunga mfupa wa juu na wa chini. Kwa mtoto aliye bado kukua kuna jingine la kuogopwa zaidi. Gegedu za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa hazijawa mfupa kamili, na mara nyingi ndizo zinazoanza kuachana kabla ukano haujakatika. Upigaji ni mali inayoongezeka kwa kutumiwa, lakini mkono wa mrushaji ni akiba, na kila somo huchota humo.

Msomaji huenda amewahi kusikia jina la Tommy John. Huyu alikuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers ambaye ukano wake wa kiwiko ulikatika mwaka 1974. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua ukano kutoka mkono wake wa kulia akaupachika katika kiwiko cha kushoto, jambo lisilopata kufanywa kwa mrushaji. John alirejea uwanjani mwaka 1976, akaendelea hadi mwaka 1989, na kati ya mechi 288 alizoshinda, 164 zilikuja baada ya upasuaji. Ni habari ya kufurahisha, lakini kama habari nyingi za kufurahisha imewaponza watu. Wapo wazazi wanaoamini kuwa upasuaji ule huongeza nguvu, kana kwamba mkono ni gari linalobadilishwa injini. Ulikuwa tiba ya mtu mzima aliyekwisha kuharibikiwa, na siku hizi hufanyiwa hata vijana wa shule za sekondari.

Wamarekani wenyewe hawakulala. Mwaka 2007 shirika la Little League liliacha kuhesabu awamu za mchezo likaanza kuhesabu mirusho. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne. Mwaka 2011 Glenn Fleisig na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 10 warushaji 481 walioanza wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 14. Waliorusha zaidi ya awamu 100 katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara 3.5 zaidi ya wenzao. Mwaka 2014 ukafuata mwongozo wa Pitch Smart unaotaka mkono wa mtoto ukae miezi minne kila mwaka bila kurusha mashindanoni. Hayo yote ni mema. Lakini hesabu ya mirusho 85 ni hesabu ya mechi. Mirusho ya bohari, ile iliyolipiwa kwa saa, haimo.

Sasa nifike nyumbani. Dada yangu anaishi Minnesota, na mwanawe, mpwa wangu, ana umri wa miaka 12. Huko theluji hufunika viwanja kwa miezi mingi, na zamani theluji hiyo ilikuwa likizo ya lazima ya mkono. Bohari lenye nyavu na joto limeiondoa likizo hiyo. Mtoto alipata mwalimu wa binafsi Januari, na kufikia Mei alikuwa na timu mbili, ya mtaa na nyingine inayosafiri. Jumapili moja usiku alinipigia simu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alikitumia kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa ndani ya gari la wazazi wa mwenzake. "Mjomba, mkono unauma hapa ndani. Usimwambie mama."

Nilimwambia mama. Tukakaa kwenye simu, mimi na kalamu Nairobi, yeye na kalenda jikoni kwake, tukaihesabu wiki ile. Jumanne kwa mwalimu wa binafsi, mirusho 50. Alhamisi mazoezi ya timu ya mtaa, 40. Jumamosi mechi ya timu hiyo, 65. Jumapili mechi ya timu inayosafiri, 60. Jumla 215 katika siku sita. Hakuna mwalimu kati ya hao watatu aliyevuka mpaka wake. Kila mmoja angeweza kuonyesha daftari safi. Mwalimu wa binafsi, ambaye siwezi kumwita mtu mbaya, alikuwa amemwuliza mtoto kama anaumwa, na mtoto akajibu hapana, kwa kuwa rada ilikuwa imewashwa na mpira uliotangulia ulikuwa wa kasi kuliko yote aliyowahi kurusha.

Hoja yangu imelala hapo. Ikiwa yupo mtu wa kuujua mkono mzima wa mtoto, ni yule aliyelipwa kumtazama yeye peke yake. Mwalimu wa timu ana watoto kumi na watano na mechi ya kushinda. Refa ana sheria ya siku hiyo. Mwalimu wa binafsi ndiye pekee anayeweza kuuliza: ulirusha wapi juzi, mingapi, na kesho unakwenda wapi? Asipouliza, mafunzo yake si ya binafsi. Ni timu ya tatu yenye mchezaji mmoja. Ningependa somo la kwanza la kila wiki lianze kwa daftari moja linalobebwa na mtoto mwenyewe na kutiwa sahihi na wote wanaomfundisha. Tena ningependa mwalimu awe na idhini ya kusema, leo huturushi, tutapiga tu, au tutatazama video, na ada ikabaki ile ile. Mzazi anayedai thamani ya fedha zake kwa kuhesabu mirusho ndiye anayemfunga mwalimu ulimi.

Najua patatokea wa kuniambia kuwa haya ni ya Wamarekani, na kwamba sisi tuna riadha na soka. Namkumbusha kwamba mwaka 2012 wavulana kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mchezo huu uko mlangoni. Na hata usingekuwepo, ni nani kati yetu asiyemjua mtoto mwenye mwalimu wa darasani mchana, wa tuisheni jioni, na wa tuisheni nyingine Jumamosi, kila mmoja akimpa kazi ya ziada kana kwamba wenzake hawapo? Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya likizoni. Kukataza ni rahisi kuliko kujumlisha.

Daktari alimkuta mpwa wangu na uvimbe katika gegedu ya ndani ya kiwiko, bila mfupa kuachana. Akampa miezi mitatu bila kurusha chochote, hata jiwe mtoni. Alininunia kwa majuma matatu kwa kuivunja siri yake. Dada aliendelea kumlipia mwalimu yule yule, kwa upigaji peke yake, na nasikia mvulana amejifunza kungojea mpira badala ya kuukimbilia. Juzi amepiga simu, hakusalimia. "Mjomba, zimebaki siku ngapi?" Ninaziandika katika jalada la nyuma la daftari langu la tasnifu. Nikamwambia arobaini na saba, akasema yeye amepata arobaini na sita, tukaanza kuhesabu upya.